Bunsen, Mtaalamu wa Jicho Moja

Msomaji, bila shaka umepata kuona maji ya chumvi yakifurika chunguni na kumwagikia motoni: ndimi za moto hugeuka manjano papo hapo. Mimi nililiona jambo hilo tangu utotoni, jikoni kwa mama, wala sikuuliza sababu. Mmoja wa waliouliza ni Mjerumani Robert Bunsen, aliyezaliwa Göttingen mwaka 1811.

Ujanani alijishughulisha na sumu ya aseniki. Siku moja chombo kikampasukia, jicho lake la kulia likapofuka, na sumu yenyewe nusura imuue. Mwingine angaliiaga kemia siku ile ile.

Wanafunzi humjua kwa taa ya gesi yenye jina lake, aliyoitengeneza na fundi Peter Desaga mwaka 1855. Taa ile hata hakujali kuitafutia haki ya kuimiliki, na kwa maoni yangu si hiyo iliyomkuza. Ubora wake ni kwamba moto wake karibu hauna rangi, basi kila kitiwacho humo hudhihirisha rangi yake.

Lakini chumvi haikosekani popote, na manjano yake hufunika rangi nyingine. Bunsen alihangaika na vioo vya rangi, hata sahibu yake Gustav Kirchhoff akamshauri aupitishe mwanga katika kioo cha pembe tatu, upate kugawanyika. Bunsen, mwenye jina kubwa wakati huo, alikubali bila kinyongo. Kufikia mwaka 1859 wakawa wamethibitisha kwamba kila madini yana mistari yake ya rangi, isiyofanana na ya mengine.

Mwaka 1860 maji ya chemchemi ya Dürkheim yalionyesha mistari ya buluu asiyoijua mtu. Ndipo yakachemshwa yapata tani 40 za maji hayo, zikapatikana gramu chache tu za chumvi ya madini mapya, seziamu! Rubidiamu ikafuata mwaka 1861.

Mashine za leo huipasha gesi ya agoni kwa umeme hadi nyuzi maelfu, nazo huweza kutambua risasi ndani ya maji hata ikiwa sehemu chache katika bilioni. Mistari zinayosoma ni ile ile.

Bunsen hakuoa. Alistaafu mwaka 1889, akageukia elimu ya miamba, na akafariki Heidelberg mwaka 1899.