Ferdinand Cheval, mpeleka barua aliyejenga jumba kwa mawe ya njiani

Mawe ya njiani, kila mtu anayajua. Unatoka alfajiri kuenda shamba ao soko, mguu unagonga jiwe, kidole kinauma, unalipiga teke pembeni, safari inaendelea. Hapa kwetu mashariki, na zaidi kwa wakaaji wa Goma wanaokanyaga mawe ya volkano toka mlangoni mwa nyumba, hakuna kitu cha kawaida kupita jiwe.

Mwezi wa 4 mwaka 1879, katika vilima vya Drôme, kusini-mashariki mwa Ufaransa, mpeleka barua mmoja wa posta alijikwaa vilevile, ikabaki kidogo tu aanguke. Jina lake Ferdinand Cheval, alikuwa na miaka 43. Yeye aliinama aone ni kitu gani kilitaka kumwangusha. Jiwe lilikuwa na sura ya ajabu: maji na miaka mingi vililichonga bila mkono wa mtu. Akalitia mfukoni. Kesho yake akarudia palepale, akapata mengine mazuri kupita lile la kwanza. Njo pale ilianza kazi ambayo ilimchukua miaka 33.

Turudi nyuma kidogo, maana huyu mtu hakutoka katika familia ya wasanii. Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 4, 1836, katika kijiji cha Charmes-sur-l'Herbasse, kwa watu wa shamba wenye mali kidogo. Mama yake alikufa akiwa na miaka 11 tu. Baba naye alifariki kabla kijana hajafikisha miaka 20. Masomo yalikuwa machache, na maisha yake yote aliandika kwa shida. Akiwa na miaka 13 alianza kujifunza kazi ya kupika mikate. Mwaka 1858 alioa Rosalie Revol. Mtoto wao wa kwanza alikufa na mwaka mmoja hivi, wa pili, Cyrille, akapona. Mwaka 1867 Cheval akapata kazi ya leta, akawa mpeleka barua, na miaka miwili kiisha akatumwa kwa kijiji cha Hauterives. Mwaka 1873 Rosalie naye akafariki, na Cyrille akalelewa na watu wengine. Basi huyu ndiye mtu tunayemzungumzia: mtu aliyezoea msiba mbele hajazoea kitu kingine.

Kazi yake ilikuwa miguu. Hakukuwa baiskeli wala farasi. Kila siku alipiga kilomita karibu 30 na zaidi, kupanda na kushuka, akipita shamba kwa shamba, kisha kesho njia ileile. Mtu akitembea peke yake hivyo, kichwa hakikai kimya. Cheval alijenga katika mawazo: mapango, minara, bustani, jumba kubwa la ajabu. Miaka mingi alificha mawazo hayo, juu aliogopa watu watamcheka. Tena kukaza tu mawazo hakukutosha: hakujua kushika mwiko wa mwashi, hakujua kuchonga, na kuchora majengo hakufundishwa na mtu. Jiwe lile la 1879 ndilo lilimfungulia mlango. Alijiambia kwamba kama dunia yenyewe imekubali kuchonga sanamu, kwake imebaki kazi ya kuziunganisha.

Mwanzoni alibeba mawe katika mifuko ya nguo, na mifuko ikapasuka. Bibi yake wa pili, Philomène Richaud, waliyeoana mwaka 1878, alishona na kushona tena. Kisha Cheval akachukua vitunga. Mwisho akanunua kigari cha gurudumu moja cha kusukuma kwa mikono, kile mafundi wetu wanaita brueti. Mchana, akigawa barua, aliokota mawe na kuyaacha marundo marundo kando ya njia. Magharibi, kazi ya posta ikiisha, alirudia njia ileile na brueti, mara nyingine kilomita nyingi, kuyakusanya. Usiku alijenga katika kiwanja chake cha mboga, na taa ya mafuta.

Aliyaunganisha mawe kwa chokaa na simenti, juu ya nyuzi za chuma zilizoshika umbo. Alitia pia magamba ya konokono na ya chaza wa bahari. Jiwe lenye mdomo wa ndege alilipa nafasi ya ndege. Lenye mgongo wa mnyama likawa mnyama. Hakulikata jiwe likubali mawazo yake, bali alizunguka nalo mkononi mpaka apate mahali linapokaa vizuri. Kwa maoni yetu, hapo ndipo alipowapita wachongaji wengi waliosomea kazi hiyo.

Kwanza alitengeneza chemchemi, karibu miaka miwili. Ubavu wa mashariki peke yake ulimkula miaka 20. Hapo wamesimama majitu watatu warefu, wembamba: Julius Caesar, Vercingetorix na Archimedes. Karibu nao kuna hekalu la Wahindi na kaburi la namna ya Misri. Upande wa magharibi kuna msikiti, nyumba ya mbao ya Uswisi, ngome ya wakubwa wa zamani. Kuna tembo, pweza, mitende. Kumbe Cheval hakusafiri kuona hata kimoja cha vitu hivyo! Alivijua kwa picha za magazeti na za karti postali alizokuwa anagawa. Watu wengine walimpa barua zao abebe, yeye akachukua dunia nzima njiani bila kuiba kitu.

Jumba lote lina metre 26 kwa urefu na 14 kwa upana, na pale juu linapita metre 10. Ndani linapitika, kuna ukumbi mrefu na ngazi za kupanda kwa baraza la juu. Lakini hakuna chumba cha kulala ndani yake wala jiko. Majirani walisema kichwa chake hakiko sawa. Na tuwe wakweli: mpeleka barua wa mshahara mdogo anayetumia pesa ya simenti kila mwezi kwa jumba lisilokaliwa na mtu, hata sisi leo tungemwita nani? Ni vema pia kufikiri juu ya Philomène, ambaye jina lake wachache wanalitaja. Alishona ile mifuko, na bustani yake ya mboga ilijaa mawe.

Cheval mwenyewe aliandika hesabu ya kazi juu ya ukuta: siku 10,000, saa 93,000, miaka 33. Ukigawanya, inatoka zaidi ya saa tisa kwa siku. Labda aliongeza kidogo, maana mpaka alipopata pansioni mwaka 1896 miguu yake ilikuwa bado ya posta. Brueti nayo hakuisahau. Aliitengenezea pango lake ndani ya jumba, kama vile watu wanavyowekea mtakatifu.

Mwaka uleule wa jiwe, 1879, Philomène alizaa mtoto mwanamke, Alice. Alikua pamoja na jumba, ukuta ukipanda naye anapanda. Mwaka 1894, na miaka 15, Alice akafa. Baba akajenga karibu na jumba nyumba ya kawaida ya kukaa, akaipa jina Villa Alicius kwa kumkumbuka. Kisha akarudia mawe yake. Kuna wanaosema kazi ilimponya, sisi hatuna uhakika. Tunaona tu kwamba hakusimama.

Mwanzo wa karne ya 20 magazeti yalianza kuandika, wageni wakaanza kuja. Karti postali za jumba zikachapishwa na kuuzwa. Mwaka 1912 Cheval alimaliza, akiwa na miaka 76. Mwaka huohuo Cyrille, mtoto wake wa mwisho aliyebaki, akafariki.

Shauri la Cheval lilikuwa moja: yeye na bibi yake wazikwe ndani ya jumba. Leta ikakataa. Sheria ya Ufaransa ilitaka wafu wazikwe katika makaburi. Mtu mwingine angelia, angepeleka kesi ao angelala. Cheval alichukua brueti. Mwaka 1914 Philomène akafariki, na karibu na wakati huo mzee, miaka 78, akaanza kusukuma mawe mpaka kwa makaburi ya kijiji. Alijenga huko kaburi la familia, nalo limejaa mizunguko na matawi ya mawe sawa jumba lenyewe, akaliita kaburi la ukimya na la mapumziko yasiyo na mwisho. Miaka minane tena! Alilimaliza mwaka 1922. Alikufa tarehe 19 mwezi wa 8, 1924, na miaka 88, akalazwa mle.

Kilichofuata hakukiona. Mwaka 1931 mwandishi André Breton, kiongozi wa wasanii wa sureali, alifika Hauterives na kumhesabu Cheval kati ya watangulizi wao. Mwaka 1937 Picasso akaja, akachora michoro juu yake. Lakini kuta za chokaa zinachoka, na jumba lilihitaji kulindwa. Palipotokea shauri la kuliandika kati ya majengo ya ukumbusho ya taifa, maofisa wengi wa wizara ya utamaduni walikataa: kwao lilikuwa kitu kibaya cha kuangaliwa, kazi ya mtu wa kijiji asiyejua sanaa. Waziri André Malraux hakuwafuata. Mwaka 1969 jumba liliandikwa, na toka hapo haliwezi kubomolewa wala kugeuzwa kwa mapenzi ya mtu.

Leo kijiji cha Hauterives kinajulikana juu ya mtu kilichokuwa kinamcheka. Jiwe la kwanza, lile la 1879, bado liko, limewekwa pale juu ya baraza, wageni wanalipiga picha. Na mwaka 1984 posta ya Ufaransa ilitoa tembre yenye sura ya jumba hilo. Ilibandikwa juu ya bahasha, ikaingia katika mifuko ya wapeleka barua wengine, ikaenda nao nyumba kwa nyumba.