Ngala aliunda serikali KANU ilipoisusia

MAREHEMU Ronald Ngala, mwalimu kutoka Kilifi, aliingia katika siasa za kitaifa mnamo 1957 alipochaguliwa kuwakilisha Pwani katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka wa 1961, KANU ilishinda uchaguzi lakini ikakataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe huru. Ngala, kiongozi wa KADU iliyokuwa na viti vichache, alikubali mzigo huo kwa msaada wa wajumbe Wazungu na Wahindi. Wapinzani wake walimwona kibaraka wa wakoloni, ingawa Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huo huo Ngala akiwa uongozini.

Aprili 1962, serikali hiyo iliipisha ya mseto, Ngala na Kenyatta wakiwa mawaziri pamoja. Nayo ilifikia kikomo KANU iliposhinda uchaguzi wa Mei 1963. Ngala akaongoza upinzani akitetea majimbo, hadi Novemba 1964 alipoivunja KADU na kujiunga na KANU.

Baadaye Kenyatta alimteua waziri. Alifariki Desemba 1972 kufuatia ajali ya barabarani.

Hoja yake ya kugawa mamlaka haikuzikwa naye: ilirejea kwa sura nyingine, katiba ya 2010 ilipozaa serikali za kaunti.