Lu Xun: Mwandishi aliyesema kwa ishara

Meli inayotoka Hong Kong kwenda Guangzhou, kusini mwa China, haina budi kupita Humen, mlango wa Mto Lulu ambao jina lake lina maana ya Lango la Simbamarara. Ukingo wa magharibi wa mlango huo ni Nansha, ambayo leo ni wilaya ya Guangzhou, na ambayo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata bidhaa huko wanaifahamu kwa bandari yake ya makontena. Juu ya vilima vyake bado yapo mabaki ya ngome za Dajiaoshan, zilizotekwa na manowari za Uingereza mwezi Januari mwaka 1841, katika Vita vya Kasumba.

Miaka 86 baadaye, Januari 1927, ilipita hapo meli iliyomchukua mwalimu mwembamba mwenye masharubu, mvutaji mkubwa wa sigara. Alikuwa na umri wa miaka 45, na wasomaji wa China walimjua kwa jina la kalamu: Lu Xun. Alikuwa akikimbilia mji aliodhani ni ngome ya uhuru. Kabla ya mwaka kwisha alipita tena mahali hapo, akitoka.

Jina lake halisi lilikuwa Zhou Shuren. Alizaliwa tarehe 25 Septemba 1881 katika mji wa Shaoxing, mkoani Zhejiang, katika ukoo wa wasomi ulioporomoka mbele ya macho yake. Mwaka 1893 babu yake alitiwa gerezani kwa kujaribu kuhonga wasimamizi wa mitihani ya serikali. Kisha baba yake akaugua. Kwa zaidi ya miaka minne mtoto huyo alikuwa akipeleka vitu vya nyumbani kwa mweka rehani, na kwa fedha alizopata akanunua dawa za waganga: miwa iliyopigwa na sakitu kwa miaka mitatu, au nyenje wawili, dume na jike, ambao hawajapata kutengana. Baba alifariki dunia mwaka 1896.

Kijana aliapa kusomea tiba ya kisasa. Mwaka 1902 alikwenda Japani, na mwaka 1904 akaingia chuo cha utabibu cha Sendai. Kwa masimulizi yake mwenyewe, huko ndiko alikoonyeshwa picha ya Mchina mmoja akisubiri kukatwa kichwa na Wajapani kwa tuhuma za kuwafanyia Warusi ujasusi, huku Wachina wenzake, wenye afya tele, wakiwa wamemzunguka kutazama. Mwaka 1906 aliacha utabibu. Aliona kuwa ugonjwa wa watu wake haukuwa wa mwili.

Mkate wenye damu

Ilipita miaka 12 kabla dawa yake mpya haijaonekana. Mwezi Mei 1918 jarida la Vijana Wapya lilichapisha hadithi yake juu ya mwendawazimu anayeamini kuwa jirani zake wote wanakula watu. Ulaji huo ulikuwa ishara ya mila zilizomeza vizazi, na wasomaji vijana hawakuhitaji kufafanuliwa.

Hadithi iliyotoka mwaka mmoja baadaye, iitwayo Dawa, inastahili kusomwa na kila anayetaka kujua ishara hufanya kazi gani katika riwaya na hadithi fupi. Mzee mmoja mwenye duka la chai anatoka usiku wa manane wa majira ya kupukutika majani, amebeba akiba yake yote, kwenda kununua kwa mnyongaji mkate uliochovywa katika damu ya mtu aliyetoka kuuawa. Anaamini utamponya mwanawe mwenye kifua kikuu. Giza, ubaridi na kikohozi cha mtoto vinatangulia kila kitu, na msomaji makini anatambua mapema kwamba safari hiyo haitaleta uzima.

Damu hiyo ni ya mwanamapinduzi kijana. Alikufa kwa ajili ya watu, na watu wenyewe wamemla bila kujua. Familia ya mgonjwa inaitwa Hua, ya mwanamapinduzi inaitwa Xia, na majina hayo yakiunganishwa ni jina la kale la China. Wasomaji wa Shaoxing walikumbuka pia Qiu Jin, mwanamke aliyekatwa kichwa mjini mwao mwaka 1907 kwa kupanga uasi dhidi ya utawala wa kifalme.

Mwishoni akina mama wawili wanakutana makaburini, na juu ya kaburi la mwanamapinduzi kuna shada la maua ambalo hakuna ajuaye limewekwa na nani. Lu Xun alikiri baadaye kwamba shada hilo alilipachika ili asiwakatishe tamaa vijana. Na kwa kweli linaonekana limepachikwa: mkono wa mwandishi unajitokeza.

Duara la Ah Q halina kasoro hiyo. Katika hadithi iliyotoka kwa mfululizo gazetini kati ya Desemba 1921 na Februari 1922, kibarua huyo asiye na ukoo wala makazi anakamatwa baada ya mapinduzi na kutakiwa kutia saini karatasi asiyoweza kuisoma. Kwa kuwa hajui kuandika, anaambiwa achore duara. Mkono unamtetemeka, duara linakwenda upande na kufanana na mbegu ya tikiti, naye anaona haya kwa kushindwa kulichora vizuri. Haelewi kwamba ameidhinisha kifo chake. Kurasa kadhaa nyuma, Ah Q huyo huyo aliwasimulia wanakijiji kwa bashasha namna alivyoshuhudia mjini watu wakikatwa vichwa. Dokezo lilikuwa pale tangu mwanzo, limevikwa kicheko.

Wasomaji wa Kiswahili hawataona ugeni katika njia hii. Shaaban Robert alipoiweka nchi ya Kusadikika angani, katika kitabu kilichotoka mwaka 1951, alikuwa akiandika chini ya serikali ya kikoloni, na kila aliyekuwa na macho aliona kuwa nchi ile haikuwa mbali hivyo.

Miezi minane Guangzhou

Machi 1926 askari mjini Beijing waliwapiga risasi waandamanaji, wakiwemo wanafunzi wa Lu Xun. Aliondoka Agosti, akafundisha kwa muda mfupi Xiamen, kisha akaitwa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen kuongoza idara ya fasihi na kusimamia masomo. Xu Guangping, aliyekuwa mwanafunzi wake na baadaye mwenzi wake wa maisha, alikuwa mwenyeji wa Guangzhou.

Tarehe 15 Aprili 1927, siku tatu baada ya mauaji ya Shanghai, majeshi ya chama cha Kuomintang yaliwakamata wakomunisti na washukiwa mjini humo, wanafunzi wa chuo hicho wakiwemo. Lu Xun aliitisha kikao akitaka chuo kiwatetee. Hakusikilizwa, akajiuzulu. Siku chache baadaye, akiwa katika chumba chake cha kupanga, aliandika dibaji ya Majani Mwitu, kitabu chake chenye mafumbo mazito kuliko vyote, kilichojaa vivuli, moto ulioganda na ndoto ndani ya ndoto.

Mwezi Julai alialikwa kutoa mhadhara wa hadhara. Alizungumzia waandishi wa karne ya 3, mvinyo wao na dawa zao, na jinsi watawala walivyowaua Kong Rong na Ji Kang kwa kisingizio cha kuvunja maadili ya kuheshimu wazazi. Hakutaja mtawala hata mmoja aliye hai. Ukumbini hapakuwa na haja.

Mwishoni mwa Septemba yeye na Xu Guangping walipanda meli kwenda Shanghai. Huko aliishi miaka yake ya mwisho akifuatwa na wakaguzi wa maandishi, akibadili majina ya kalamu hadi yakapita 100. Mwezi Februari 1931 waandishi watano vijana wa mrengo wa kushoto, rafiki yake Rou Shi akiwa mmojawao, waliuawa kwa risasi. Hadithi mpya alizoandika nyakati hizo zilirejea kwenye ngano za kale, na wakubwa wa siku zile walijikuta humo wakiwa wamevaa mavazi ya miungu na wahenga.

Kifua kikuu, maradhi yaliyomuua mtoto wa muuza chai, kilimuua naye tarehe 19 Oktoba 1936. Maelfu ya watu walifuata jeneza lake. Serikali ya kikomunisti iliyoshika madaraka mwaka 1949 ilimfanya mtakatifu wake, heshima ambayo huenda ingemchekesha.

Lakini kazi ya kuyaokoa maandishi yenyewe ilikuwa imekwisha kufanywa. Mwaka 1938, Shanghai ikiwa imezingirwa na majeshi ya Japani, Xu Guangping na wenzake walichapisha maandishi yake yote katika majalada 20, pamoja na yale yaliyokuwa yamekatwa na wakaguzi.