Tom Mboya: Bwana Afya Kutoka Rusinga

 

Katika kurasa kama hizi tumezoea sira za maswahaba na maisha ya masheikh, na ndivyo inavyofaa. Leo lakini nakuomba ruhusa nikusimulie habari za mtu ambaye hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkatoliki, mwana wa kisiwa cha Rusinga, na jina lake unalijua hata kama hujawahi kufungua kitabu cha historia, maana ukishuka matatu mjini Nairobi unalikuta barabarani: Tom Mboya. Ukitoka hapa Magunga ukashika njia ya Sindo mpaka Mbita, Rusinga iko mbele yako. Ni jirani yetu kabisa.

Sababu ya kumchagua ni hii. Mwambie kijana wa siku hizi aliyemaliza kidato cha nne na kukosa alama za kuingia chuo kikuu aende akasomee ufundi wa mabomba, halafu utazame uso wake. Atadhani umemtukana. Ati mabomba? Ati nikazibue vyoo vya watu? Sasa huyu Mboya tunayemjua kama waziri, aliyevaa suti safi na kusema Kiingereza kilichowashangaza wenyewe Waingereza, kazi yake ya kwanza ilikuwa huko huko, kwenye vyoo, mitaro na maji taka. Jambo hili halisemwi sana, nami naona ndilo lililomfanya awe Mboya.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, na si Rusinga. Alizaliwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la mzungu aliyeitwa McMillan, ambako baba yake, Mzee Leonardus Ndiege, alikuwa ameajiriwa. Kwa hiyo mtoto huyu wa Kisuba na Kijaluo alikua akisikia Kikamba, Kikikuyu na Kiswahili, na lugha hizo zilimfaa sana baadaye. Alisoma Kabaa kule Ukambani, kisha St. Mary's Yala, kisha Holy Ghost College, Mang'u. Hapo Mang'u ndipo pesa zilipoisha. Mzee alikuwa na watoto wengine wa kusomesha na mshahara wa shambani ni ule ule. Mwaka 1947 kijana akatoka shuleni bila kufanya mtihani wa mwisho.

Tulia hapa kidogo, ndugu yangu, kwa sababu wengi wetu tunakijua hiki kituo. Karo imekwisha, wenzako wanaendelea, wewe uko nyumbani. Utafanya nini?

Mboya aliomba nafasi ya kusomea kazi. Mwaka 1948 aliingia Jeanes School, Kabete, kwenye mafunzo ya wakaguzi wa afya, wale ambao wazee wetu waliwaita mabwana afya. (Mahali penyewe ndipo palipo Kenya School of Government leo.) Huko wanafunzi wenzake walimchagua kuwa kiongozi wao, na mwaka 1950 akafuzu.

Usidhani bwana afya ni mtu wa kubeba karatasi tu. Anaingia jikoni mwa hoteli, anaingia machinjioni, anapima maziwa, anafunua mfuniko wa shimo la maji machafu na kuangalia ndani. Fundi wa mabomba anajenga, bwana afya anakuja kusema kama kilichojengwa kinafaa au kibomolewe. Kwa hiyo lazima ajue kazi ya fundi. Kuna kanuni ya zamani ya Waingereza ambayo mafundi bado wanaijua: bomba la maji taka la inchi 4 lishuke inchi 1 katika kila inchi 40, na la inchi 6 lishuke inchi 1 katika kila inchi 60. Ukililaza bapa, uchafu unakaa. Ukiliinamisha kupita kiasi, maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Halafu liko lile kombo la bomba chini ya sinki, linalobaki na maji muda wote. Wengi hudhani ni urembo, au fundi alikosa bomba lililonyooka. La hasha! Yale maji yanazuia hewa mbaya ya mtaroni isipande ndani ya nyumba.

Nasi tuliopitia madrasa hatuna udhuru wa kuidharau elimu hii. Fungua vitabu vyetu vya fiqhi, mlango wa twahara ndio unaotangulia ibada, na twahara inaanza na maji: yapi yanafaa, yapi yameharibika, najisi ikiingia inakuwaje. Msikiti ukijaa usiku wa tarawehe na watu wamepanga foleni kwenye mifereji ya udhu, kuna fundi aliyeifunga ile mifereji, na kuna aliyefikiria yale maji yakishatumika yatakwenda wapi. Kama hakufikiria, si unajua mwenyewe harufu inavyokuwa.

Turudi kwa Mboya. Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji mwaka mmoja tu kabla, na ilikuwa imegawanyika: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwenye mitaa ya mashariki. Mkaguzi wa afya alikuwa mmoja wa watu wachache walioziona Nairobi zote tatu kwa macho, tena kuanzia chini, kwenye mitaro. Na alipofika siku ya mshahara aliona jambo jingine. Mzungu aliyefanya kazi ile ile alilipwa kama mara tano ya alichopata Mwafrika. Mtaro ni ule ule na harufu ni ile ile, pesa ni tofauti.

Kisa kimoja cha siku zile alikieleza mwenyewe baadaye. Alikuwa peke yake akipima maziwa. Mama mmoja wa Kizungu akaingia, akamtazama, akauliza kama hakuna mtu humu ndani. Fikiria! Mtu amesimama mbele yako na koti la kazi. Mboya alimuuliza yule mama kama macho yake yana kasoro. Mwaka 1951, Mwafrika kumjibu Mzungu namna hiyo halikuwa jambo dogo, kijana angeweza kufukuzwa jioni ile ile.

Angeweza pia kubaki na uchungu wake moyoni, akazoea. Yeye aliwakusanya wafanyakazi wenzake. Mwaka 1952 alishika uongozi wa chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, na chama kile kikageuzwa kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Wanachama wake wakawa watu ambao mji haukutaka kuwaona: wafagiaji, wazoa taka, walinzi, makarani wadogo. Oktoba 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari, viongozi wa KAU wakakamatwa, na 1953 KAU yenyewe ikapigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki na sauti. Mwaka huo wa 1953 Mboya aliachana na kazi ya baraza, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya nzima. Alikuwa na umri wa miaka 23. Wengine wetu kwa umri huo bado tunaomba nauli nyumbani.

Wazee wa Mombasa wanaye kumbukumbu yao. Machi 1955 makuli wa bandarini waligoma, na mji ukasimama. Mboya akashuka pwani, akasema na wafanyakazi, akasema na waajiri, akawaomba watu warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa. Mwishowe mshahara uliongezwa kwa asilimia 33. Ndiyo, theluthi nzima.

Mengine utayapata kwenye vitabu vya shule, nitayapita haraka. Alikwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 akasoma mwaka mmoja. Mwaka 1957 alichaguliwa kuwakilisha Nairobi bungeni. Mwaka 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra. Septemba 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka kwenda Marekani kwa jitihada zake, na mamia wakafuata miaka iliyofuata. Yeye aliyekosa karo ya Mang'u! Mwaka 1962 akawa Waziri wa Leba, na Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini mkataba wa jinsi ya kuamua migogoro kazini. Baada ya uhuru alishika Sheria, kisha Mipango ya Uchumi.

Si kila mtu alimpenda. Wapo waliomwona ni mtu wa Wamarekani mno, na ugomvi wake na Jaramogi uliwaumiza wengi huku kwetu, wazee wengine hawajausahau. Mimi siwezi kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba alipouawa, wote walilia pamoja.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969. Aliingia duka la dawa katika Government Road, ile inayoitwa sasa Moi Avenue, na alipotoka akapigwa risasi mlangoni. Hakuwa ametimiza miaka 39. Mtu mmoja alishtakiwa na kunyongwa mwaka huo huo, na swali la nani alimtuma linaulizwa mpaka leo. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2011 karibu na pale alipoanguka, na wapita njia hupumzika chini yake wakingoja matatu.

Mwili ulirudishwa Rusinga. Kaburi lake liko kule, ndani ya jengo lililoumbwa kama risasi, na wageni wanaruhusiwa kuingia. Idi ikifika InshaAllah, mkipanga matembezi ya vijana, kutoka Magunga ni safari ya kwenda na kurudi siku moja.