Kidonda kisichouma na daftari la Daktari Cook

NILIKUWA Kashikishi, wilayani Nchelenge, nikisubiri boti ya kuvuka Ziwa Mweru kwenda upande wa Kongo, nilipomwona mtoto wa miaka kama minane ameketi juu ya gunia la dagaa wakavu, wale ambao wenyeji huwaita chisense. Mguuni alikuwa na kidonda kipana kuliko kiganja changu. La ajabu ni kwamba alikuwa akicheza. Mama yake, aliyekuwa akirejea Pweto baada ya kuishi ukimbizini Mantapala, alinieleza kuwa kidonda hakimuumi mwanawe, hivyo hakuona haraka ya kwenda hospitali.

Mimi ni mfanyabiashara wa samaki, si daktari, na kidonda cha namna ile kinaweza kuwa na sababu nyingi. Lakini habari hiyo ya kutouma ilinikumbusha mtu mmoja ambaye niliwahi kusoma habari zake, naye ni Daktari Albert Cook.

Cook alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1870. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akasomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alijiunga na msafara wa wamisionari wa Kianglikana waliokuwa wakienda Uganda. Wakati huo reli ilikuwa haijafika Ziwa Victoria, hivyo kutoka Mombasa walitembea kwa miguu kwa miezi kadhaa, wakafika Buganda Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye Cook alimuoa mwaka 1900.

Mwaka huohuo wa 1897 walianzisha hospitali ya Mengo katika kilima cha Namirembe, kwenye jengo la matete na nyasi. Kaka mtu na mdogo mtu walikuja kufanya kazi pamoja pale, kwani mdogo wake, Jack, aliyekuwa daktari wa upasuaji, alimfuata. Mwaka 1901 waligundua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini humo, ugonjwa ambao baadaye uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1902 radi iliichoma hospitali, nao wakaijenga upya. Katharine alianzisha mafunzo ya wakunga, na Cook akafundisha Waafrika kazi ya uganga.

Hakuwa mtu asiyekosea. Aliamini kwamba sehemu kubwa sana ya watu wa Buganda walikuwa na kaswende, na wataalamu wa baadaye walitilia shaka hesabu zake. Lakini alikuwa na tabia moja iliyodumu kuliko makosa yake. Aliandika. Kila mgonjwa aliandikiwa alivyofika, alivyoonekana na alivyotibiwa, na maelfu ya kumbukumbu hizo zimehifadhiwa Makerere hadi leo.

Katika kumbukumbu za mwaka 1897 kuna maelezo ya vidonda vikubwa vya ngozi ambavyo madaktari wa leo wanavitambua kuwa ni kidonda cha Buruli. Cook hakulijua jina hilo wala kijidudu chake. Bakteria wake walielezwa mara ya kwanza mwaka 1948, huko Australia. Jina lilitokana na eneo la Buruli nchini Uganda, ambako wagonjwa wengi walionekana miaka ya 1960. Miaka hiyohiyo ugonjwa uliwapata wakimbizi wa Rwanda waliopewa makazi Kinyara, karibu na Mto Nile. Msomaji uliyewahi kuishi kambini utaelewa uchungu wao. Walikimbia hatari moja, wakakutana na nyingine wasiyoijua.

Kwa nini hakiumi? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1999, wakati wanasayansi walipoitenga sumu ya bakteria hao, iitwayo mikolaktoni. Sumu nyingi za bakteria, kama ile ya pepopunda, ni protini. Hii si protini, ina asili ya mafuta. Ndani ya bakteria kuna vimeng'enya vikubwa mno vinavyoiunga kipande kwa kipande, kama mafundi wanaopokezana matofali. Kisha, wanasayansi wanaamini, kimeng'enya kingine chenye chembe ya chuma huipachika oksijeni mahali pake. Chuma hicho kimeshikiliwa kwa namna ileile ya chuma kilichomo katika damu yetu. Sumu ikishakamilika huua nyama chini ya ngozi, huzima kinga ya mwili na kutuliza neva. Ndiyo maana mgonjwa hasikii maumivu huku kidonda kikizidi kupanuka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Sisi wa mipakani tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Kikiuma tunakimbilia zahanati, kisipouma tunapakia mzigo. Kidonda cha Buruli mara nyingi huanza kama uvimbe mdogo, na kikiwahiwa hutibiwa kwa viuavijasumu viwili kwa wiki 8. Kikichelewa, mgonjwa huhitaji upasuaji na anaweza kubaki na kilema cha maisha. Na siku 56 za dawa ni nyingi kwa mtu anayevuka ziwa kila wiki au anayerudi kwao moja kwa moja. Anayeanza dozi upande mmoja aombe karatasi ya matibabu, ili amalizie upande wa pili.

Cook alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1932 na akastaafu mwaka 1934. Hakurudi Uingereza. Katharine alifariki mwaka 1938, naye akafariki Kampala mwaka 1951, wakati kidonda alichokiandika kilikuwa bado hakijapewa jina la Buruli.

Nilimweleza mama yule haya kwa kifupi, nikamwonyesha njia ya hospitali ya St. Paul's, ambayo haiko mbali na pale sokoni. Alisita sana, maana nauli alikuwa amekwisha kulipa. Boti ilipoondoka nilimtafuta miongoni mwa abiria, sikumwona, na gunia alilokalia mtoto halikuwapo ufukweni. Nilifurahi kuvuka bila wao.