François Gouin na Ufundishaji wa Vitenzi

Miongoni mwa watu walioacha alama katika mbinu za kufundishia lugha za kigeni, Mfaransa François Gouin hana budi kutajwa. Alizaliwa mwaka 1831, akafariki mwaka 1896. Umaarufu wake haukutokana na wepesi wa kujifunza lugha. Ulitokana na kushindwa kwake kujifunza Kijerumani, na ujasiri wa kutafuta sababu ya kushindwa huko.

Gouin alikuwa mwalimu wa Kilatini. Kama wasomi wengi wa zama zake, aliamini kwamba lugha hupatikana kwa kuhifadhi kanuni za sarufi na orodha za vitenzi. Kwa imani hiyo alifunga safari kwenda Ujerumani, akafikia Hamburg. Badala ya kuchanganyika na watu, alijifungia chumbani. Kwa siku 10 alihifadhi kitabu cha sarufi pamoja na vitenzi 248 visivyofuata kanuni, kisha akaenda kusikiliza mihadhara kwa matumaini makubwa. Hakuambulia hata neno moja. Alidhani kwamba upungufu wake ulikuwa katika msamiati. Hivyo, baada ya kujaribu vitabu vingine, aliichukua kamusi na kuhifadhi maneno yapatayo 30,000 kwa siku 30. Macho yake yaliugua hata akalazimika kupumzika kusoma. Hata hivyo, watu waliposema, yeye alibaki kama kiziwi.

Aliporudi kwao Ufaransa alimkuta mpwa wake, mtoto wa umri wa miaka ipatayo mitatu. Mtoto huyo alikuwa hajui kusema Gouin alipoondoka. Sasa alizungumza bila taabu. Siku moja mtoto alipelekwa kutazama kinu cha kusagia nafaka. Baada ya kurudi nyumbani alitulia kwa muda, kisha akaanza kuigiza yote aliyoyaona, huku akiyataja kwa utaratibu: kujaza magunia, kuyabeba, kumimina nafaka, kusaga, kukusanya unga. Hapo Gouin alitambua jambo ambalo sarufi na kamusi hazikumwonyesha. Mtoto hakuhifadhi maneno yaliyotengana, bali aliyafunga katika mfuatano wa matendo. Na katika kila sentensi, kitenzi ndicho kilichobeba uzito.

Kutokana na uchunguzi huo Gouin alibuni mbinu ya mifuatano. Tendo moja, kama vile kufungua mlango, hugawanywa katika hatua ndogo ndogo, na kila hatua husemwa kwa sentensi fupi yenye kitenzi chake. Sikio hutangulia, kusoma na kuandika hufuata. Aliyaeleza haya katika kitabu alichokichapisha mwaka 1880, na tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1892 iliieneza mbinu hiyo nje ya Ufaransa.

Tuchukue mfano wa somo ambalo huwachosha wanafunzi wa Kifaransa: hali ya vitenzi inayofuata maneno ya sharti au matakwa, ambayo kwa Kiswahili huonyeshwa na irabu e mwishoni, kama katika nishuke au nimalize. Kanuni yake ni nyepesi. Chukua umbo la nafsi ya tatu wingi la wakati uliopo: ferment, finissent, descendent. Ondoa -ent, kisha tia -e, -es, -e, -ions, -iez, -ent. Lakini mwanafunzi anayekariri jedwali hilo peke yake yumo katika chumba kile cha Hamburg. Afadhali apewe mfuatano: il faut que je descende, que j'attende, que je finisse, que je ferme, yaani, ni lazima nishuke, nisubiri, nimalize, nifunge. Atende huku akisema, kisha mwenzake amwamrishe, halafu darasa zima liseme kwa nafsi ya wingi: que nous descendions, que nous finissions.

Mwalimu azingatie pia mpangilio. Katika vitenzi vya -er, umbo la je ferme halibadiliki katika hali hii. Tofauti na wakati uliopo husikika katika nous na vous tu. Kwa hiyo ni vyema kuanza na vitenzi kama finir na descendre, ambavyo mabadiliko yake husikika mara moja: il finit huwa qu'il finisse. Jedwali lije mwisho, likusanye yale ambayo masikio yamekwisha kuyazoea.

Mbinu ya Gouin ina mipaka yake. Mawazo yasiyoonekana, kama vile haki au shaka, hayaigiziki kwa urahisi, na mifuatano mirefu huweza kuchosha kama orodha zenyewe. Lakini fundisho la maisha yake lingali na uzito kwa kila anayejiandaa kushika chaki. Gouin hakuwa mvivu wala mjinga. Alijituma hadi akaumiza macho, na bado hakuelewa. Basi mtoto anapokaa kimya darasani, mwalimu asikimbilie kumlaumu. Kwanza aichunguze njia aliyompitisha.