Sir Archibald Garrod: Daktari wa Wagonjwa Wachache

Wengi wetu tuliosoma baiolojia sekondari tunalijua jina la Gregor Mendel, mtawa Mwagustiniani aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake. Wale waliovuna alichopanda hatuwajui sana. Safari hii tunawaletea maisha ya mmoja wao, Sir Archibald Garrod, daktari Mwingereza aliyeonyesha kwa mara ya kwanza kwamba kanuni ya yule mtawa inaeleza pia maradhi ya binadamu. Hakuwa padre wala mtawa, wala hakuwa mwana wa Kanisa letu. Tumemchagua kwa sababu alitumia miaka mingi kwa wagonjwa ambao wenzake waliwaona ni wachache mno kushughulikiwa, na kwa sababu alichokigundua kinazigusa familia tunazoishi nazo parokiani.

Kuzaliwa na masomo

Archibald Edward Garrod alizaliwa London tarehe 25 Novemba 1857. Baba yake, Sir Alfred Baring Garrod, alikuwa daktari mashuhuri aliyethibitisha kwamba damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi ya yuriki kupita kiasi. Hivyo kijana alikulia katika nyumba ambamo siri ya ugonjwa ilitafutwa kwa njia ya kemia.

Alisoma sayansi huko Oxford, kisha akasomea udaktari katika Hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, London. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1123 na Rahere, mtu wa Kanisa, pamoja na nyumba ya watawa waliofuata Kanuni ya Mtakatifu Augustino. Garrod alifanya kazi hapo karibu maisha yake yote ya udaktari, na pia katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Mwaka 1886 alimwoa Laura Smith, binti wa daktari mpasuaji wa hospitali yake. Walijaliwa watoto wanne, wavulana watatu na msichana mmoja.

Mtoto mwenye nepi nyeusi

Mwishoni mwa karne ya 19 Garrod alikutana na mtoto mchanga ambaye nepi zake ziligeuka kuwa na rangi nyeusi kila alipokojoa. Hali hiyo ilikuwa na jina tayari: alkaptonuria. Mkojo unatoka ukiwa wa kawaida, lakini ukikaa hewani unakuwa mweusi. Mgonjwa anaonekana mzima kwa miaka mingi, ila akifika utu uzima gegedu za masikio na viungo huanza kubadilika rangi, na mgongo na magoti humtesa kwa maumivu.

Madaktari wengi wa wakati ule waliufikiria ugonjwa huu kama kazi ya vijidudu tumboni. Wakati huo vijidudu vilikuwa vimegunduliwa kuwa chanzo cha maradhi mengi, na kila mtu alivitafuta. Garrod hakuridhika. Aliuliza maswali ambayo hata mama mzazi angeweza kuyauliza. Hali hii ilianza lini? Nani mwingine nyumbani anayo? Wazazi wana uhusiano gani?

Mwaka 1901 mama wa mtoto yule alikuwa karibu kujifungua tena. Garrod aliomba nepi za mtoto atakayezaliwa ziangaliwe kwa makini tangu mwanzo. Hazikupita siku tatu, weusi ukaonekana. Kijidudu kisingeweza kufanya kazi hiyo kwa haraka namna ile. Mtoto alikuwa amezaliwa nayo.

Kisha akapata jambo la pili. Baba na mama wa watoto hao walikuwa ndugu: mzazi wa mmoja na mzazi wa mwenzake walikuwa wa tumbo moja. Garrod akafuatilia familia nyingine zenye ugonjwa huo akakuta kwamba jambo hilo linajirudia mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Wagonjwa wenyewe walikuwa wazima kabisa upande wa wazazi wao: baba hana, mama hana, lakini watoto wawili au watatu wanao.

Njegere za mtawa

Hapo ndipo njia yake ilipokutana na ya Mendel. Mendel aliwasilisha matokeo ya njegere zake mwaka 1865 mjini Brno, yakachapishwa mwaka uliofuata, na karibu hakuna aliyeyajali. Alichaguliwa kuwa abate, akafariki mwaka 1884 bila kuona matunda ya kazi yake. Mwaka 1900 wataalamu wa mimea waliifufua kazi hiyo, na huko Uingereza mtetezi wake mkubwa alikuwa William Bateson. Bateson aliposoma habari za familia za Garrod, alitambua kwamba zinafuata kanuni ya njegere, na wawili hao wakaandikiana.

Kanuni yenyewe si ngumu. Kwa kila sifa ya namna hii tunapokea nakala mbili za maelekezo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja yenye kasoro na moja nzima haugui, wala hajui kwamba anaibeba. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata kasoro pande zote mbili. Watu wa ukoo mmoja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba kasoro ileile, kwa kuwa wameirithi kwa babu au bibi mmoja.

Garrod alichapisha hoja hiyo Desemba 1902, akiwa na habari za wagonjwa wapatao 40 tu waliokuwa wamejulikana. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu ulielezwa kwa kanuni ya Mendel.

Maradhi manne

Mwaka 1908 alialikwa kutoa mihadhara mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London, na mwaka 1909 mihadhara hiyo ikawa kitabu. Alichagua hali nne: alkaptonuria, sistinuria, pentosuria na ualbino. Hoja yake ilikuwa moja. Mwili hukivunja na kukijenga chakula kwa hatua nyingi zinazofuatana, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Kimeng'enya kimoja kikikosekana tangu kuzaliwa, kazi husimama pale pale, kama maji ya mfereji yanavyojaa mahali palipozibwa. Katika alkaptonuria kinachojaa ni asidi ya homojentisiki, nayo ndiyo inayougeuza mkojo uwe mweusi. Katika ualbino mwili unashindwa kutengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho.

Alikwenda mbali zaidi. Alisema kwamba hakuna watu wawili ambao kemia ya miili yao inafanana kabisa, na kwamba wagonjwa hawa adimu wanatuonyesha kwa uwazi kile ambacho kwa wengine wote kimefichika. Wenzake walimheshimu, wakakiona kitabu chake kuwa cha mambo ya ajabu ajabu, wakaendelea na shughuli zao. Daktari wa kawaida angeweza kumaliza maisha yake yote bila kukutana na mgonjwa hata mmoja wa namna ile.

Msiba wa nyumbani

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Garrod Malta, akiwa daktari mshauri wa majeshi ya Uingereza. Vijana wake wote watatu waliingia jeshini. Wawili waliuawa vitani. Wa tatu aliiona amani, lakini mwaka 1919, akiwa bado jeshini huko Ujerumani, aliugua ile homa kubwa ya mafua iliyoua mamilioni duniani, naye akafariki. Mtu aliyekuwa ameuchunguza urithi unaopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto alibaki bila mtoto wa kiume hata mmoja.

Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa Profesa wa Kifalme wa Tiba huko Oxford, akafundisha mpaka alipostaafu. Mwaka 1923 alitoa upya kitabu chake kwa kuongeza maradhi mengine, na mwaka 1928 alitoa hotuba juu ya mafundisho yatokanayo na maradhi adimu. Humo alimkumbuka William Harvey, daktari wa karne ya 17 wa hospitali ileile ya Mtakatifu Bartholomayo, aliyeamini kwamba siri za maumbile hujifunua zaidi pale zinapotoka nje ya njia iliyozoeleka.

Alifariki Cambridge tarehe 28 Machi 1936, mikononi mwa binti yake Dorothy. Huyu alikuwa amejiunga na Kanisa Katoliki akiwa kijana, akawa mtaalamu wa mambo ya kale aliyechimba mapango ya Mlima Karmeli, na mwaka 1939 akawa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa Cambridge.

Mavuno

Mwaka 1958 watafiti wa Marekani walithibitisha kwamba kimeng'enya alichokitabiri Garrod kweli hakipo kwenye ini la mgonjwa wa alkaptonuria. Mwaka 1996 jeni yenyewe ilipatikana. Kisha dawa iitwayo nitisinoni ilijaribiwa kwa wagonjwa 138 nchini Uingereza, Slovakia na Ufaransa, na mwaka 2020 Ulaya iliiidhinisha kwa watu wazima wenye ugonjwa huo. Kutoka makala ya 1902 hadi dawa ni miaka 118. Leo maradhi adimu yanayojulikana ni zaidi ya 6,000, mengi yakiwa ya kurithi, na wanaoyatafuta kwa kusoma jeni bado wanaanza na maswali yale yale ya Garrod: lini, nani mwingine, wazazi ni nani.

Sisi tunajifunza nini?

Kati ya maradhi manne ya Garrod, ualbino unajulikana kwetu kuliko mengine yote. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, idadi kubwa kuliko ya Ulaya. Tunajua pia aibu yetu: ndugu zetu hawa wamewindwa, wamekatwa viungo na kuuawa kwa imani za kishirikina, na mama zao wamefukuzwa katika ndoa wakisingiziwa uzinzi au laana. Zaidi ya miaka 100 iliyopita ilikwisha kujulikana kwamba baba na mama wanachangia sawasawa, kila mmoja nakala moja, wala hakuna aliyejua. Anayemfukuza mke kwa sababu hiyo anamwadhibu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alikileta nusu.

Waseminari wanapofikia kanuni ya 1091 ya Sheria za Kanisa, inayozuia ndoa ya ndugu wa ubavuni hadi daraja la nne, wakumbuke pia uangalifu wa Garrod. Hakusema kwamba ndoa za ndugu ndizo zinazozaa ugonjwa. Watoto wengi wa ndoa hizo ni wazima, na wagonjwa wengi huzaliwa na wazazi wasio na undugu wowote. Kwa hiyo maarifa haya yasigeuzwe kuwa fimbo ya kuwapigia wazazi ambao tayari wanaumia.

Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane wanafunzi walimwona kipofu tangu kuzaliwa wakataka kujua dhambi ilikuwa ya nani, na Bwana alilikataa swali lao. Bado linaulizwa vijijini na mijini mwetu kila anapozaliwa mtoto asiye kama wengine. Paroko, katekista au mwanajumuiya akifika katika nyumba hiyo, awaambie wazazi wazi kwamba si laana na wala si kosa la mmoja wao. Kisha awasindikize hospitali, hata kama mtoto huyo ni mmoja tu katika parokia nzima.